Palmera za Jana

Tetuán, Madrid
14 Novemba 1994

Bwana Anselmo Quiroga,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Nina miaka sabini na mbili, nina duka la keki, na mikono yangu imezoea unga kuliko kalamu. Lakini Jumamosi jirani yangu Obdulia alinisomea ile makala yako, kwa sababu miwani nilikuwa nimeiweka mahali nisipopakumbuka, na tangu hapo sijatulia.

Kwanza nikugombeze. Umeandika "Palmera bora za chokoleti Madrid, na pa kuzipata", ukataja maduka matano. Matano! Na letu halimo. Mwaka wa arobaini na moja huu tunaukunja ule unga wa tabaka nyembamba nyembamba, pande mbili zikutane katikati kama moyo, tunauoka mpaka uwe wa dhahabu, tunaupaka chokoleti. Watu wakitoka misa ya Jumapili foleni inafika hadi kwenye duka la dawa. Wewe hujawahi kupita? Yule wa pili uliyemsifu anapaka chokoleti kama rangi ya viatu. Ukiuma tu, inakudondokea yote kifuani. Wa nne nisimseme, nitapata dhambi bure.

Lakini sikuandikii kwa hayo. Mwishoni umewafundisha wasomaji namna ya kula. "Anza na ukucha," umesema, na ukaeleza kwamba ukucha ni ile ncha ya chini, pale sukari inapojikusanya ikaungua kidogo ikawa ngumu.

Bwana Anselmo, hakuna mtu Madrid anayeiita hivyo. Wengine husema ncha, wengine mkia, wengi hawasemi kitu, wanakula tu. Ukucha ni neno la marehemu mume wangu, Hilario. Alilizua mwenyewe jikoni kwetu, na halikutoka nje ya nyumba ile isipokuwa kwa kinywa kimoja.

Nani alikuambia neno hilo?

Leocadia Barbero


Madrid
19 Novemba 1994

Bibi Leocadia mpendwa,

Barua yako imenichekesha ofisini mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini. Rangi ya viatu! Nakiri kosa, duka lenu sikulijua, na nitakuja kutubu kwa mdomo na tumbo. Barua yenyewe nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, na huo mwandiko wako mkubwa, mistari inapanda kama inakwea mlima.

Kuhusu ukucha, nasikitika kwamba si siri ya nyumba yako peke yake. Ni neno la mke wangu, Natalia. Yeye ni yatima wa Valladolid, amelelewa na shangazi, na anasema kwao kila mtu huita hivyo. Ukweli ni kwamba mtaalamu ni yeye, mimi natia sahihi tu. Nilipokuwa nazunguka madukani nilimletea moja kutoka kila duka. Anakula ukucha kwanza, anafumba macho, halafu ananiambia, "Hii ni ya leo. Haifai." Ati palmera ya chokoleti lazima iwe ya jana! Hilo sikuthubutu kuliandika, wasomaji wangenicheka.

Au pengine marehemu mumeo aliwahi kuishi Valladolid?

Wako mwenye njaa,
Anselmo Quiroga


Tetuán
22 Novemba 1994

Bwana Anselmo,

Hilario hakuwahi kufika Valladolid. Hata Toledo alikwenda mara moja tu, akarudi anaumwa tumbo.

Nakuuliza mambo matatu, nijibu ndiyo au siyo. Mkeo ana kovu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, la kuunguzwa na trei ya oveni? Akikasirika huwa anaosha vyombo, hata vilivyo safi? Na je, alizaliwa mkesha wa Krismasi, mwaka hamsini na tatu?

Nina binti. Anaitwa Natividad, sisi tulimwita Nati. Aliondoka nyumbani Jumapili moja ya Mei, mwaka sabini na tatu, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa jambo dogo la kifamilia. Baba yake alikuwa na hasira za karibu. Tangu siku hiyo hajarudi, hajaandika. Hilario alikufa mwaka themanini na sita, na wiki yake ya mwisho kila kengele ya mlango wa duka ilipolia aligeuza kichwa. Mtu mmoja aliniambia amemwona Nati Buenos Aires. Basi mimi miaka yote hiyo nasikiliza redioni kama Buenos Aires kuna mvua.

Kama siye, nisamehe, useme ni uzee umenipanda kichwani. Kama ndiye, niambie kitu kimoja tu: anakula vizuri?

Leocadia


Madrid
1 Desemba 1994

Bibi Leocadia,

Ndiyo, ndiyo, na ndiyo.

Nimetembea na barua yako mfukoni siku nne. Miaka kumi na saba nimeishi na mwanamke, kumbe hata jina lake silijui. Jana nilimpa aisome. Alisoma amesimama. Akaikunja, akaiweka chini ya bakuli la matunda, akaenda kuosha vyombo. Vilikuwa safi. Aliviosha saa nzima. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Zamu ya nani sasa?"

Nikamwuliza, "Zamu gani, mpenzi?"

"Muulize yule mama," akasema. "Muulize hilo jambo dogo la kifamilia ni lipi."

Yule mama. Ndivyo alivyosema.

Sikufichi, nina hasira, ila sijui nimkasirikie nani. Alinizikia wakwe zangu wangali hai. Binti yetu Irene ana miaka kumi na tano, na kila mwaka siku ya kuwakumbuka marehemu anawasha mshumaa kwa ajili yako. Wewe, unayeuza keki Tetuán!

Anakula vizuri. Tunakaa Getafe, dakika ishirini na tano kwa treni kutoka mjini. Nakuomba usipige simu nyumbani. Andika hapa ofisini, na safari hii niambie kweli.

Anselmo


Tetuán
6 Desemba 1994

Mkwe wangu (niruhusu nikuite hivyo mara moja, ukikataa nitaacha),

Getafe! Mungu wangu. Mimi nailaumu bahari, kumbe ni treni tu.

Nilikudanganya. Halikuwa jambo dogo. Keti nikusimulie.

Palmera zetu za chokoleti siku zote zilikuwa za jana. Huo si wizi, ndiyo kazi ilivyo. Ya leo bado ina joto na unyevu, chokoleti inateleza. Ikilala siku moja tabaka zinakauka, chokoleti inashika, ukiuma inalia kama kuni kavu. Basi zilizobaki jana ndizo tulizozipaka asubuhi. Mkeo hajakosea, hizo ndizo tamu. Lakini Hilario alikuwa na hofu yake. Alisema neno "jana" likisikika dukani tumekwisha, maana nani atatoka misani na nguo zake nzuri aje kununua kitu cha jana? Tuliapa sote watatu kutolitamka.

Jumapili ile foleni ilikuwa imefika nje. Mke wa mfamasia akauliza, "Nati, hizi za chokoleti ni za leo?" Na Nati, kwa furaha zake, hakuwa na baya lolote, alikuwa anaisifia kazi yetu, akajibu kwa sauti, "Za jana, bibi! Za chokoleti siku zote ni za jana, ndiyo maana ni tamu!"

Hilario alitoka jikoni akampiga kofi. Mbele ya watu wote. Alama ya unga ikabaki shavuni, vidole vyote vitano. Nati hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

Na mimi, Anselmo, mimi mama yake mzazi, niliigeukia foleni nikasema, "Zamu ya nani sasa?"

Alivua aproni akaiweka juu ya kaunta, akatoka kwa mlango wa wateja. Kengele ikalia. Nikazifunga keki za mke wa mfamasia kwa karatasi na uzi, nikamfanyia na kitanzi cha kupitisha kidole, kama kawaida. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Hapo ndipo ninaposhindwa kujisamehe. Hofu ya duka ilinishika, nikaona nikinyamaza sekunde moja zaidi watu wataondoka. Hawakuondoka. Aliondoka yeye.

Mwambie aje. Sitamwuliza alikuwa wapi wala kwa nini. Jumapili tarehe kumi na nane, baada ya misa. Asimame kwenye foleni kama mtu yeyote, na akifika mbele yangu nitasema mbele ya watu neno nililopaswa kulisema siku ile. Ninalo tayari. Naliongea peke yangu nikikanda unga.

Leocadia


Getafe
13 Desemba 1994

Mama mkwe (nami niruhusu),

Nilimsomea. Hakusema ndiyo. Aliniuliza kama kengele ya mlangoni ni ile ile ya zamani, nikamwambia sijui. Siku mbili hatukulizungumza tena. Leo asubuhi nimemkuta anapiga pasi lile koti lake la kijivu ambalo hulivaa kwenye harusi na mazishi tu.

Akasema, "Usimwambie saa nitakayofika. Na wewe usinisindikize. Wala sitasema mimi nani. Nikifika mbele yake atanijua mwenyewe. Kama ni mama, atanijua."

Nimekuandikia maneno yake kama yalivyo, sikupunguza wala kuongeza. Moyo wangu unaenda mbio kama ni mimi ninayekwenda.

Anselmo


Tetuán
19 Desemba 1994

Mkwe wangu,

Hakuja.

Usimlaumu, nakuomba. Labda treni, labda baridi, jana palikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilivaa aproni mpya. Nilisimama kaunta tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri bila kukaa, Obdulia akawa ananiambia, "Wewe mwanamke, miguu hiyo utaizika kabla yako." Kila kengele ilipolia niliinua uso. Nilimtazama kila aliyeingia. Na makoti ya kijivu, usiseme, mwezi wa Desemba Madrid nzima inavaa kijivu.

Nilimwekea moja pembeni, ya jana, yenye ukucha mrefu kama alivyopenda. Mteja mmoja aliitaka nikamwambia ina mwenyewe. Jioni nimeila mimi, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

Mwambie sijakasirika. Mwambie hata Jumapili nyingine. Mimi nipo tu, niende wapi?

Leocadia


Madrid
22 Desemba 1994

Bibi Leocadia,

Nimesoma barua yako mara tatu, huku redio ya ofisini ikiimba namba za bahati nasibu ya Krismasi na watu wakipiga kelele, na bado siielewi. Ama unanichezea, ama kuna kitu hujaniambia.

Alikuja.

Aliingia kama saa sita mchana. Akauliza, "Nani wa mwisho?" kama anavyouliza kila mtu, akaonyeshwa, akasimama nyuma yake. Dakika arobaini alisimama. Ameniambia yote: kengele ni ile ile, kioo cha kaunta kimebadilishwa, nywele zako zimekuwa nyeupe kabisa, ulikuwa na aproni mpya yenye mikunjo ya dukani bado. Alisema mikunjo ile ilitaka kumliza. Mbele yake wakabaki watatu, wakabaki wawili, akabaki yeye.

Anasema uliinua uso ukamtazama usoni, hamkuwa mbali hata hatua mbili. Ukatabasamu tabasamu la wateja. Ukasema, "Zamu ya nani sasa?"

Amelala tangu Jumapili, ameugeukia ukuta. Irene anamletea supu, anaigusa tu. Keshokutwa anatimiza miaka arobaini na moja.

Hukumwona? Au ulimwona? Nijibu, kwa sababu mimi sina la kumwambia mke wangu.

Anselmo Quiroga


Tetuán
29 Desemba 1994

Anselmo, mwanangu,

Sikumwona. Sioni.

Mwaka wa pili huu macho yana ukungu. Watu nawaona kama kupitia karatasi ya kuokea iliyolowa siagi. Miwani niliyokuambia nimeipoteza, sikuipoteza, haifai kitu tena. Barua hizi naziandika nimelaza rula kwenye karatasi, napapasa, ndiyo maana mistari inakwea huo mlima uliouchekelea. Zako nazisoma usiku kwa kioo cha kukuzia, herufi moja moja, taa ikiwa imegusa karatasi. Wateja nawajua kwa sauti na kwa kukohoa. Sikumwambia mtu, maana mpwa wangu akijua atanifungia duka kesho yake. Ulipoandika kwamba hatasema yeye nani, ningekujibu siku ile ile: mwambie aseme neno moja tu, neno lolote. Niliona haya. Nikajidanganya kwamba mwanangu nitamjua hata gizani. Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema wa kale, na mimi nimeumbuka mbele ya mwanangu.

Na yale maneno! Nayasema mara mia mbili kwa siku, Anselmo. Hayapiti hata kichwani, yanatoka yenyewe. Miaka ishirini na moja nimeyatubu kanisani, na miaka ishirini na moja nimeendelea kuyasema dukani, hata siku moja sikufikiri kwamba ni yale yale.

Nilimwuliza Obdulia. Yeye alihamia mtaani baada ya Nati kuondoka, kwa hiyo hamjui. Akasema, "Ehe, alikuwepo mwanamke wa koti la kijivu mbele yangu. Zamu yake ilipofika akageuka, akaniambia, 'Nishikie zamu, narudi sasa hivi,' akatoka. Nikamshikia mpaka unafunga. Hakurudi."

Narudi, alisema. Muulize kama kweli alisema.

Neno nililokuwa nimemwekea lilikuwa fupi tu: "Binti yangu amesema kweli." Basi. Lingetosha siku ile, na sikulisema.

Yale mengine hayatatoka tena mdomoni mwangu. Nimenunua mashine ya namba kama zile za sokoni. Mteja anavuta karatasi, mimi nabonyeza, namba inawaka ukutani. Watu wananung'unika, wanasema foleni imekuwa kama hospitali, hakuna tena wa kumwuliza nani wa mwisho. Wazoee. Karatasi ya kwanza kabisa nimeivuta mimi, na imo humu kwenye bahasha. Namba moja. Mpe Nati. Ni zamu yake, na haina tarehe ya mwisho.

Leocadia


Getafe
20 Januari 1995

Mama,

Anselmo amenisomea barua zote. Ya macho nimeiamini. Niliiamini palepale, kabla hajamaliza kusoma. Lakini kuamini ni kichwa, na mwili una akili zake. Pale dukani shavu liliwaka kama jana.

Kofi la baba nililisahau zamani. Baba alikuwa na hasira, na hasira za baba zilikuwa kama maziwa, zinapanda zinashuka. Wewe hukuwa na hasira. Ulikuwa umetulia kabisa. Nilisimama nje pembeni ya mlango, Mama, hukujua hilo. Nilisimama pale nikisikia unafunga karatasi. Nilihesabu wateja sita. Nikasema, wa saba akitoka, mama atatoka nyuma yake. Wa saba akatoka, kengele ikalia, mlango ukajifunga.

Irene alipokuwa na miaka sita alianguka shuleni wakanipigia simu. Niliacha sufuria jikoni nikakimbia bila viatu. Katikati ya barabara nikakukumbuka. Kabla ya siku ile nilikuwa nimekuua kwa mdomo tu, kwa ajili ya watu. Siku ile ndipo nilipokuzika.

Ni kweli nilisema narudi. Usilishikilie. Kila mtu Madrid akitoka kwenye foleni husema narudi.

Nenda ukatibiwe macho. Siku hizi ni jambo la asubuhi moja, usiogope. Usinisubiri.

Ukucha bado ndio naanza nao.

Natividad


Tetuán
12 Februari 1995

Nati, mwanangu,

Barua yako Obdulia alinisomea mara mbili, na mara ya tatu nikamwambia aniachie niishike tu. Huyo Obdulia, ambaye hata kwenye mazishi ya mumewe alikuwa anapiga soga, alikunja barua akaenda nyumbani bila kusema neno.

Wateja sita. Nimekuwa nikirudia kuwahesabu. Mke wa mfamasia, wale mapacha wa mtaa wa nyuma, fundi cherehani, naendelea mpaka wa saba, nataka kumjua ni nani, kana kwamba nikimjua nitatoka nyuma yake. Sikujua uko pale, mwanangu. Hatua nne. Sitajitetea, hukukosea hata neno moja, ila nataka ujue kwamba sikujua. Nalia ninapokuandikia, na karatasi imelowa, utanisamehe wino.

Macho naenda mwezi wa tatu, la kulia kwanza. Mpwa wangu ameshajua, amepiga kelele, amenyamaza. Duka liko wazi.

Nikuambie jambo. Jumapili iliyopita nilimwambia Obdulia aniandikie karatasi kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye kioo: PALMERA ZA CHOKOLETI NI ZA JANA. Nikasimama kaunta nimeshika ukingo kwa mikono miwili, nasubiri duka lianguke. Watu wakatoka misani, wakaingia, wakasoma. Mzee mmoja mwenye bakora akasema, "Ebo, Leocadia, hilo ndilo tangazo? Tangu enzi za Hilario tunajua. Kwani sisi hatuna ulimi?" Duka zima likacheka. Wakanunua zote kabla ya saa saba. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye foleni, Nati. Hata mmoja. Nilikupoteza kwa kuogopa neno ambalo halikumfukuza mtu.

Nilimwambia yule mzee, kwa sauti, wote wasikie, "Binti yangu alisema kweli." Wakaitikia ehe, ehe, wakidhani nazungumzia karatasi. Nikaingia jikoni nikakaa juu ya gunia la unga, nikalia mpaka wakaanza kugonga kaunta. Nimelisema, hatimaye. Nimelisema na hukuwepo.

Umesema nisikusubiri. Sawa, sikusubiri. Mimi niko kazini, na kazi yangu iko mlangoni, basi.

Ila bahasha yako niliitikisa mara mbili. Nikaingiza na vidole hadi kwenye pembe, maana macho ndiyo hayo. Ile namba haimo. Pengine uliitupa. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba hukuirudisha.

Mashine yenyewe ina namba mia, zikiisha inaanza upya. Kila namba moja inapochomoza tena naing'oa mwenyewe, naitia kwenye kopo la mdalasini, kwa sababu hiyo ina mtu wake. Ukutani inawaka moja. Siwahi kubonyeza haraka, naiacha iwake kidogo. Wageni wa mtaa wanatazamana, wanauliza, "Namba moja ni nani? Yuko wapi?" Na Obdulia, mimi sikumfundisha, naapa, huwa anawajibu kutoka kule mwisho wa duka:

"Katoka kidogo. Anarudi."

Mama yako,
Leocadia